Printa Zilizovalishwa Vitambaa

Je, wewe umewahi kuona mashine imevalishwa nguo kama kochi la sebuleni? Rebeccah aliziona kumi na moja, katika chuo kikuu kilichokuwa juu ya mashamba ya chai, barabara ya kwenda Sosiot, mwaka wa tisini na sita. Kila idara ilikuwa na printa yake, na kila printa na kitambaa chake cheupe kilichofumwa maua kwa mkono, na glasi ya maua ya plastiki juu. Rebeccah kazi yake ilikuwa kufagia na kupangusa, na kila muhula ukiisha anavifua vile vitambaa na kuvitia wanga. Printa zenyewe alikatazwa kugusa.

Asubuhi moja Bwana Osoro, mkubwa wa kompyuta, alimkuta akipangusa viti katika chumba cha kompyuta cha wanafunzi. Akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mama Chepchirchir, hiki chumba kinafungwa mwisho wa mwezi. Gharama zimetushinda. Na wewe..."

"Na mimi naenda nyumbani," Rebeccah akammalizia. Viti vile alivipangusa miaka minane, na kulikuwa na jambo alilolitamani ndani ya chumba kile ambalo hajawahi kumwambia mtu. Akakamua tambara kwenye ndoo, polepole. "Gharama ya nini, Mwalimu?"

"Printa za idara! Zinakula fungu la chumba hiki. Fundi anatoka Nakuru kila mwezi, na analipwa kwa kila mashine, iwe imefanya kazi, iwe haijafanya. Wino nao unakauka humo ndani."

"Nyingi hazifanyi. Si mimi ndiye nafua nguo zao? Njoo uone."

Akampeleka kwa Yunia, karani wa idara ya historia. Yunia akaruka. "Wewe mama, usiguse printa ya Profesa!"

"Sigusi. Inua wewe."

Yunia akainua kitambaa. Vumbi lilikuwa limepita kwenye matundu yake na kuchora maua yale yale ya kitambaa juu ya printa, petali kwa petali, safi kabisa. Hakuna mkono uliokuwa umepita hapo muhula mzima. Wakazunguka ofisi zote. Printa nane zilikuwa na maua ya vumbi.

"Sasa fanyeni kama sisi wakulima wa chai," Rebeccah akasema. "Pale kituo cha kuuza majani chai, kila mtu anakuja na kikapu chake, lakini mizani ni moja na lori ni moja. Umeona mkulima gani anatembea na mizani yake?"

Osoro alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini jioni hiyo aliandika barua kwa mkuu wa chuo: printa tatu zibaki, zikae chumba cha wanafunzi, kila mtu afuate zamu.

"Profesa apange foleni kama mtu wa chai?" Yunia alinung'unika.

"Hiyo chai ya foleni anakunywa kila siku," Rebeccah akamjibu, "na haijamdhuru."

Muhula ulipoisha, fundi alikuja kwa mashine tatu tu. Pesa zilizobaki zilifufua kompyuta nne zilizokuwa zimekufa, na chumba hakikufungwa. Mkuu wa chuo, Daktari Bosire, akamwita Rebeccah ofisini, akamkaribisha chai ya maziwa, akamshukuru mbele ya Osoro na kumpa blanketi zito la baridi ya kwetu.

"Kongoi," Rebeccah akasema, asante ya Kikipsigis, na machozi yakamlenga. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Osoro aliyekubali kufuata mwenye ndoo. Lakini hakuinuka.

"Kuna kitu kingine, Mama?" Osoro akauliza.

Rebeccah akalikunja blanketi mapajani, pembe kwa pembe.

"Nataka kukaa kwenye kile kiti," akasema. "Si kukipangusa. Nikae. Mnifundishe, nimwandikie binti yangu Chepchirchir, aliye mbali, barua kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ile kompyuta."