Jina Lisilo na Siku Kwenye Kalenda

Bi Bogumiła akishika jambo haliachi, na tangu Septemba alikuwa ameshika Kipashto, lugha ya jirani yake wa ghorofa ya nne. Alistaafu posta ya mji wa Siedlce baada ya miaka thelathini na tisa ya kugonga mihuri barua za watu, na kukaa bure kulimchosha kuliko kazi. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa mchana alipanda ngazi kutoka chini mpaka ghorofa ya nne kwa Ghorzang, akihema, na daftari kubwa kwapani. Kila ukurasa aliupiga mstari katikati: Kipolandi kushoto, Kipashto kulia.

Ghorzang aliwahi kuwa mkalimani wa askari wa Kipolandi kule Ghazni, kabla ya kuhamia nchi ya askari hao pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume, Zmarak. Siku hizi alifanya zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha milango. Masomo ya Bi Bogumiła yalimfurahisha, maana yalimkumbusha kwamba alikuwa mtu wa maneno kabla ya kuwa mtu wa mbao.

Jikoni, mkewe Wagma alikanda unga huku akisikiliza. Kuta za majengo yale hazifichi kitu.

"Mbili?" aliuliza Bi Bogumiła.

"Dwa."

"Acha utani wako! Sisi pia dwa."

"Si utani, bibi. Dwa."

"Haya, majira ya baridi?"

"Zhimai."

"Na sisi zima! Ghorzang, hawa ni ndugu hawa. Wamezaliwa nyumba moja."

"Ndugu wa mbali, bibi. Wale wa kukutana mazikoni."

Bi Bogumiła alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kisha akafunua ukurasa mpya. "Leo nataka majina. Wanawake wa kwenu wanaitwaje?"

"Andika. Gulalai. Shinkai. Zarghuna. Torpekai."

Wagma akaacha kukanda. Majina yalipita sebuleni moja baada ya jingine, ya kizamani na ya kisasa, hata mengine ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kukutana na mwenye nalo. La kwake halikuwemo.

"Na la mkeo je?"

"Mama Zmarak."

"Hicho ni cheo, si jina."

"Ndiyo heshima yetu, bibi. Mke wa mtu hatajwi ovyo."

"Sisi heshima tunaiweka mbele ya jina. Bi Bogumiła, unaona? Nyinyi mmeiweka mahali pa jina. Sasa jina lenyewe linakaa wapi?"

Ghorzang alichukua birika. Alimwongezea chai.

Wagma angeweza kumjibu. Jina lake lilikuwa likikaa kwa mama yake. Kila Alhamisi mama alipiga simu kutoka Ghazni na kulipaza kana kwamba wako ng'ambo mbili za mto: Wagma! Wagma, unanisikia? Mwishoni mwa Oktoba mama akafariki, na tangu siku hiyo hakuna kinywa hata kimoja kilichomwita. Kliniki walisoma jina la ukoo. Majirani walimwita Mama Zmarak, kama walivyofundishwa na Ghorzang. Na Ghorzang mwenyewe, hata wakiwa wawili tu na mlango umefungwa, alimwita "unasikia". Wagma alianza kuogopa, hofu ya kweli ya kumkosesha usingizi, kwamba jina hilo lilizikwa na mama na yeye amebaki akiishi bila jina.

Kesho yake wakati wa kifungua kinywa aliamua kulisema.

"Baba Zmarak, nikifa utaandika nini kwenye kaburi langu?"

"Asubuhi yote hii unaniletea habari za makaburi?"

"Nauliza tu."

"Sikia. Mwanamume hatangazi jina la mkewe. Baba yangu hakulitaja la mama yangu mpaka anakufa."

"Na mama yako alipenda?"

"Sijui. Sikuwahi kumuuliza."

"Ungemuuliza vipi? Hukujua umwite nani."

Ghorzang alitafuna mkate wake taratibu mno. Hakuwa mtu mbaya, na Wagma alilijua hilo kuliko yeyote. Siku waliyoondoka Kabul alimbeba mgongoni katikati ya umati, na mikono yake haikulegea. Lakini neno moja fupi lilimshinda kubeba.

Desemba ikafika siku ya jina la Bi Bogumiła. Wapolandi wamelipa kila jina lao siku kwenye kalenda, na siku hiyo mwenye jina hakualiki. Anakaa nyumbani tu, anachemsha maji, na watu wanajua. Zmarak alikuwa bado shuleni. Wagma alibeba maua, Ghorzang akabeba boksi la zabibu kavu, wakashuka mpaka chini.

Mgeni mwingine alikuwa Bwana Czesław wa ghorofa ya tano, fundi bomba mstaafu, aliyekuja na samaki wa siki kwenye bakuli na kutaka kila mtu amsifie. Palikuwa na keki ya jibini, na chai kwenye glasi. Baada ya kuimbiwa, Bi Bogumiła aliitungua kalenda ya mwaka ujao ukutani akachomoa penseli sikioni.

"Czesław ana Julai yake. Ghorzang hayumo, nimemtafuta mpaka macho yameniuma, kwa hiyo nimempa siku Machi, yeye na watakatifu watapatana. Sasa wewe, mwanangu." Alimgeukia Wagma. "Nipe jina, nikuandikie siku."

Wagma alimtazama mumewe. Alitaka litoke kwake. Ghorzang aliikazia macho keki kana kwamba imeandikwa kitu.

"Mama Zmarak," alisema.

"Hilo nimeshalisikia," alisema Bi Bogumiła, na penseli ikabaki juu.

Kwenye darasa la Kipolandi la maktaba, sentensi ya kwanza aliyowafundisha mwalimu ni ya kutaja jina lako. Wagma aliisema kila mara, lakini kwa kutikisa midomo tu, akijificha nyuma ya sauti za wenzake. Sasa hapakuwa na sauti ya kujifichia.

"Ninaitwa Wagma," alisema kwa Kipolandi.

"Wagma!" alirudia Bwana Czesław, mdomo umejaa samaki. "Zuri hilo!"

Uso wa Ghorzang ulipanda damu mpaka masikioni.

"Wagma," aliandika Bi Bogumiła. "Siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi, mwanangu?"

"Zote."

Bi Bogumiła alianza kucheka, akaona macho yake, akaacha. Alishusha penseli kwenye kalenda, Alhamisi moja baada ya nyingine, mpaka mwaka ukaisha. Halafu akaanzisha wimbo wa kumtakia miaka mia, na Czesław akaudandia kwa sauti iliyopotea njia. Wagma alilia waziwazi, kwa furaha na kwa mama yake. Ghorzang hakuimba.

Walipoaga, Wagma alitangulia ngazini. Alipanda haraka. Amemwaibisha mumewe mbele ya mwanamume wa watu, kwa jina lake mwenyewe, na hakuna tena namna ya kulirudisha kinywani. Nyuma yake alisikia viatu vya Ghorzang, na nyuma zaidi mhemo wa Czesław na bakuli lake tupu. Alifika ghorofa ya nne akasimama mbele ya mlango, akingoja adhabu ya ukimya.

Chini, viatu vya Ghorzang vikasimama. Vya Czesław navyo vikamfikia, vikasimama.

"Wagma!" aliita Ghorzang. Kwa Kipashto, kwa sauti ya kuvuka mto, jengo zima likasikia. "Wagma, funguo unazo wewe?"

Funguo zilikuwa mfukoni mwa Ghorzang mwenyewe. Tangu ghorofa ya kwanza Wagma alikuwa akizisikia zikigongana kila alipokanyaga ngazi.

Alijibana kinywa kwa mkono, asijibu, ili aite tena.

Akaita.