Simu ya Waoka Mikate

Ndugu wawili walirithi tanuri moja la mikate, na tanuri halikatwi vipande kama mkate. Baba yao alifariki bila kusema nani achukue nini. Basi mkubwa akashika upande wa kushoto, mdogo akashika wa kulia, na maneno yakakatika baina yao. Si kwamba mmoja alihama. Angehamia wapi? Waliendelea kukanda unga chumba kimoja, wamepeana migongo, kila mtu na meza yake, na huyu akipiga chafya yule hamwambii hata pole.

Lakini kazi ya mikate haiendi kwa kununiana. Kuni zikikaribia kwisha, lazima mtu aambiwe. Ndipo binti wa yule mdogo, hata meno ya pili hajaota, akafanywa njia ya maneno.

"Mwambie baba yako atoe mikate yake, joto linapotea."

Baba yuko hapo hapo, kasikia neno kwa neno, lakini anamsubiri mtoto.

"Baba, baba mkubwa anasema utoe mikate, joto linapotea."

"Mwambie macho ninayo."

Mtaa mzima wakamwita Simu, na jina likamganda. Kazi hiyo alipewa kwanza mama yake, akaikataa mapema. "Mimi niliolewa na mtu," alisema, "sikuolewa na ugomvi."

Simu akakua, akasoma, akafaulu. Vyuo viwili vikamwita kwa mpigo. Kimoja ni kile chuo cha sifa, ambacho ukikitaja watu hujiweka sawa kwenye viti. Hicho kilimpa nafasi tu, ada ajitafutie mwenyewe. Cha pili kiko mbali, unalala njiani ndipo ufike, na ukikitaja watu hukuuliza, "Wapi?" Hicho kilisema wewe njoo: ada, kitanda, chakula, vitabu, mpaka nauli, vyote juu yetu. Somo ni lile lile, udaktari wa mifugo. Na vyote viwili vilitaka jibu kabla ya Ijumaa jioni.

"Utakwenda cha sifa," baba yake alisema. Hata kukaa hakukaa.

"Baba, ng'ombe hamuulizi daktari kasomea wapi."

"Usiniletee utani. Mtoto wa yule kasoma pale. Kila asubuhi ni mwanangu wa pale, mwanangu wa pale. Anawaambia mpaka wateja wangu, wakiwa wameshika mkate wangu."

"Kwa hiyo mimi nikasome ili masikio yako yapone?"

"Ukasome kwa sababu nimesema."

"Na ada?"

"Ada haikuhusu."

Mama alikuwa mlangoni anachekecha unga. "Mwambie basi inatoka wapi," alisema. "Mbona mimi nilipokuuliza ulinuna wiki nzima?"

Baba akamtazama mkewe kama anavyotazama mkate ulioiva nje ukabaki mbichi ndani, akatoka.

Ijumaa asubuhi jibu likajileta lenyewe. Mikate ya pande zote mbili ilikuwa imekwisha kuingia tanurini. Baba akapangusa mikono, akakohoa, akaukazia macho ukuta.

"Simu. Mwambie yule nimekubali lile analolitaka miaka yote. Achukue upande wangu wa tanuri, jioni alete fedha. Mimi nitabaki kumkandia unga, anilipe kwa wiki."

Baba mkubwa, kule kwenye meza yake, alianza kukuna tumbo taratibu kama mtu aliyeshiba kabla ya kula.

"Utamkandia unga?" Simu aliuliza. "Kwenye tanuri la babu?"

"Nimekutuma, sikukuomba ushauri."

"Mwambie baba yako," baba mkubwa akadakia, "mimi bado sijasikia kitu. Hapa kwetu neno huletwa. Lisipoletwa, hakuna kilichouzwa."

Kweli ndivyo walivyokuwa. Hata bei ya kuni walipatana kwa kinywa cha huyu binti, na neno likishapita kwake halirudi nyuma. Wote wawili wakamgeukia, wanangoja. Mjumbe hauawi, watu husema, lakini hakuna anayeuliza kama mjumbe anachoka.

"Sipeleki," Simu alisema.

"Unasemaje?"

"Sipeleki, baba. Mwenyewe yule pale, masikio anayo mawili. Mwambie."

"Mwambie baba yako amekulea vibaya," baba mkubwa alisema.

"Na hilo pia sipeleki."

"Basi Simu imeharibika," akacheka, lakini kicheko kilimfia njiani, maana mdogo wake alikuwa amegeuka. Miaka yote ile hawajatazamana usoni, sasa wametazamana. Baba wa Simu alifungua kinywa ataje biashara. Kilichotoka si biashara.

"Wewe," alisema, "ulimvua baba saa mkononi hata hajapoa."

"Na wewe ulikuwa wapi anaumwa? Ulikuja na njaa ya msibani."

"Nilikuwa hapa nauza mikate yako, wewe umelala."

"Mikate gani? Ile ya kujengea nyumba?"

Yakafunguka. Yaliyokaa ndani miaka mingi yalikuwa yameumuka kama unga uliosahaulika, yakafurika. Baba mkubwa akasema tanuri lile halinunui tena, hata jivu lake hataki. Mdogo wake akasema afadhali alale njaa kuliko kumuuzia. Simu akasikia harufu ya kuungua. Kwa mazoea akaunyakua ubao mrefu wa kutolea mikate. Kisha akauegemeza ukutani, akatoka nje, akakaa juu ya magunia kando ya mama yake aliyekuwa anachekecha unga, akatoa simu yake ya mkononi, akawajibu watu wa chuo.

"Kile cha mbali?" mama aliuliza.

"Kile cha mbali."

"Watakuchukia wote wawili."

"Angalau kwa hilo watakuwa wamepatana."

Mama hakucheka. Alimpangusa unga shavuni kwa kiganja chenye unga zaidi.

Punde baba akatokea mlangoni, moshi nyuma yake.

"Mikate imeungua."

"Nimesikia harufu, baba."

"Na hukuitoa."

"Nilikuwa nawajibu watu wa chuo."

Aliiangalia ile simu mkononi mwa mwanawe, akaelewa.

"Basi nenda. Stendi sikupeleki. Na wakiniuliza mwanangu anasoma wapi, nitasema sijui."

"Sema hujui, baba. Wengi hawakijui."

Alitafuta tusi, akakuta yote ameyatumia ndani. Kisha akarudi kwenye moshi, maana kaka yake alikuwa bado anaongea, na kuna neno moja hakuwa amemjibu.