Utepe wa Njano Kwenye Kitako

Simwombi mtu anionee huruma. Ila kama habari ya bunduki yangu itasemwa hapa Harlan Creek, basi isemwe yote, si kile kipande anachokipenda Wendell.

Ile bunduki niliitengeneza upya kwa mikono yangu, gerejini kwangu, majira mawili ya baridi. Ni bunduki ya marisau inayolishwa kwa magazini, kile kikasha cha risasi kinachopachikwa chini yake. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na tabia mbaya, inakwama ovyo. Mimi nimesimama mbele ya mashine za kukereza vyuma miaka thelathini na moja, kwa hiyo tupa hainitishi. Nilipanua mdomo wa kupachikia magazini mpaka ukaweza kuipachika huku unakimbia. Nikaweka mkono mkubwa wa kukokea. Nikapiga msasa kila chuma kinachosugua mwenzake. Na vile vitundu vya gesi, vinavyosukuma bolti, kile chuma kinachofunga chemba ya risasi, irudi nyuma, nikavipanua kidogo kidogo ili bunduki izikubali risasi nyepesi za mashindano, zisizokupiga bega teke. Ukishafanya hivyo, umeagana na risasi nzito. Ukiitia nzito, bolti inarudi kwa kishindo na kitu kinapasuka. Klabuni kwetu, klabu ya shabaha, hakuna asiyelijua hilo. Hata hivyo nilibandika utepe wa njano kwenye kitako, pale shavu linapokaa, nikaandika kwa wino mweusi: NYEPESI TU.

Sasa, klabu yetu hupeleka watu wanne kwenye mashindano ya taifa. Watatu walishapatikana. Nafasi ya nne ilikuwa ama yangu ama ya Wendell, mdogo wangu. Yeye alishakwenda mara tano. Mimi nimepiga shabaha pale miaka kumi na miwili, sijaenda hata mara moja, na nina miaka sitini na miwili na goti bovu. Niliitaka nafasi ile, nasema wazi, niliitaka mpaka usingizini.

Jumamosi ya mchujo, ilipobaki hatua moja, nilikuwa namzidi kwa sekunde nane. Haki ya Mungu, sekunde nane!

Hapo ndipo pini ya kufyatulia ya bunduki ya Wendell ilipokatika.

Kwetu bunduki ya mtu ikimfia katikati ya mashindano, mwenye bunduki ya aina ile humpa yake, hata kama ni mpinzani wake. Haijaandikwa popote. Lakini ukikataa, hutagombezwa na mtu, ila meza ya chakula utakaa peke yako. Na siku ile mwenye bunduki ya magazini kama ya Wendell nilikuwa mimi tu. Watu wakanitazama. Mzee Gus Pruett, msimamizi wetu, akajifanya anasoma karatasi zake.

"Dada," Wendell akasema, "usiniangushe bwana."

"Chukua. Lakini upige risasi zangu, hizi hapa, za marisau na za kipande kimoja. Zako nzito zitaivunja."

"Dada, kusoma najua. Umeandika mpaka kwenye kitako."

"Kusoma unajua. Ni kusikia ndiko kunakokushinda tangu utotoni."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Nikampa.

Alianza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Bunduki ilikuwa inatiririka, magazini zinaingia zenyewe. Kisha akafika kwenye zile sahani tatu za chuma za mbali, zinazotaka risasi ya kipande kimoja. Nikasikia mlio. Mlio wa bunduki yangu naujua, na ule haukuwa wake. Ulikuwa mzito, wa kifuani. Mara tatu, sahani tatu zikaanguka, watu wakampigia makofi.

Alipoifungua kumwonyesha Gus kwamba haina kitu ndani, bolti haikurudi mahali pake. Gus akaigeuza, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Imepasuka, Verlene. Pole mama."

Kwenye kitako utepe haukuwepo. Ilibaki gundi tu.

"Wendell, umetia risasi gani?"

"Zako," akasema, hata jicho halikupepesa. "Ulizonipa. Dada, nilishakwambia, unazidisha tupa. Ndiyo mambo ya gerejini haya."

Mwongo mkubwa! Nikainama chini nitafute maganda. Yalikuwa mamia, ya kila rangi, ya watu ishirini waliopiga kabla yake. Nikayapekua kama kuku mpaka Gus akanishika bega, akaniambia zamu yangu imefika na kwamba bunduki yake naweza kuitumia. Bunduki ya Gus ni ya zamani, unaingiza risasi moja moja kwa kidole gumba. Nilipiga kwa uwezo wangu wote. Hesabu zote zilipojumlishwa, Wendell akanishinda kwa sekunde tatu.

Mchana tukala maharage ya nyama na mkate wa mahindi, na Wendell akapigiwa makofi tena. Watu wakanipa pole. Mmoja akaniambia, kwa wema kabisa, kwamba kazi nyingine ni bora kuwaachia mafundi. Nilimeza maharage yangu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya kanisa, Wendell akaja gerejini kwangu na bunduki mpya ndani ya mkoba.

"Nitengenezee, dada. Iwe kama ile yako. Ile ilikuwa tamu, acha tu."

"Si ulisema nazidisha tupa?"

"Aa, maneno ya uwanjani yale! Ila safari hii vitundu usivipanue sana. Sahani za mbali mimi sizipati bila risasi nzito, unajua mwenyewe. Nataka ivumilie."

Nikaiweka tupa mezani.

"Wendell. Utepe uliutupa wapi?"

"Ulikuwa unanikwaruza shavu," akasema, hivyo tu.

Nikamwambia, "Jumamosi, mbele ya Gus na wenzako wote, yaseme hayo uliyoyasema sasa hivi. Siku hiyo hiyo nitaanza kazi, na nitakutengenezea bunduki ambayo taifa zima litaiulizia."

Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha. "Yameshapita, dada. Unataka kunidhalilisha wiki tatu kabla ya safari?"

"Ndiyo, nataka."

"Una roho mbaya," akasema, akafunga mkoba wake.

Akaenda kwenye mashindano ya taifa na bunduki kama ilivyotoka kiwandani. Ikamkwama hatua ya kwanza, ikamkwama ya tatu, timu ikarudi mikono mitupu.

Jumamosi iliyofuata nilifika klabuni na mkate wa mahindi kama kawaida. Gus akanivuta pembeni.

"Verlene, ni kweli Wendell alikuomba umtengenezee bunduki ukamnyima? Ndugu yako wa tumbo moja?"

Nikamweleza yote, utepe, risasi, maneno ya gerejini. Alinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa.

"Mchujoni nilimpa yangu, Gus. Mlikuwepo."

"Hiyo ya kwanza tunaijua," akasema. "Nakuuliza hii ya pili."

Nikaenda mezani, nikakaa, nikakata mkate. Wa kulia kwangu akakumbuka kitu garini. Wa kushoto akamfuata. Nilikula vipande viwili, na vilivyobaki nikavifunika, nikarudi navyo nyumbani.