Trekta Halichapwi

Shamba la Gwantwa lilikuwa limelimwa nusu tu, na betri ya trekta la umeme ilikuwa imebakiza taa mbili za chaji. Bibi Tupokigwe alizitazama zile taa, kisha akautazama mteremko uliobaki. Umeme ulikuwa umekatika Hasamba nzima tangu jana, na kesho alfajiri trekta hilo dogo la kikundi lingepakiwa kwenye gari kwenda kwa wenzao wa Nanyala. Gwantwa amejifungua kwa upasuaji, hawezi kushika jembe, na mumewe yuko Zambia kwenye biashara. Shamba lisipolimwa leo, mvua za kupandia zingempita.

Dereva alikuwa Fanueli, mtu aliyekulia nyuma ya maksai. Alikuwa amefunga jiwe kubwa juu ya plau ili izame, kama walivyozoea kwenye jembe la ng'ombe. Kila trekta lilipolemewa kupanda, alikandamiza pedeli mpaka chini na kupiga mluzi.

"Baba Luka," bibi akamwita Fanueli, "unamswaga nani?"

"Bila kuswagwa hili halipandi, bibi."

"Ng'ombe akichoka unampa majani. Hili utalipa nini, na umeme hakuna?"

Fanueli akacheka, akasimamisha trekta. "Haya, mama mwenye trekta, nifundishe."

"Toa jiwe. Inua plau kidogo, maharage hayahitaji kaburi. Na usipande na kushuka. Lima ukikatisha mteremko, mstari mrefu, mwendo mmoja."

"Watu watasema nalima kama mgonjwa."

"Waseme. Si tunamlimia mgonjwa?"

Jiwe likatolewa. Trekta likaenda taratibu, na bibi akatangulia mbele yake akiokota mawe na kung'oa visiki ili lisikwame. Taa moja ilizimika wakiwa wamebakiza kipande cha chini.

Kando ya njia alisimama jirani yao Nesta na mzigo wa kuni. Alikuwa ameahidiwa kubebewa kuni na trekta mpaka nyumbani. Aliiona ile taa moja, akajitwisha mzigo wake.

"Malizieni tu. Mimi nitatembea."

Bibi alimtazama akiondoka kwa shingo iliyonyooka mpaka akapotea kwenye migomba.

Trekta lilizimika Fanueli alipomaliza mstari wa mwisho. Gwantwa alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani, akilitazama shamba lake lote jeusi, lililofunguka.

"Kaa chini, mwanangu," bibi akamwambia. "Nionyeshe tu zilipo mbegu, nikuanzie kupanda."