Zawadi ya Karani wa Ukoo

...au kioo cha kukuzia maandishi, hicho nacho kingemfaa, maana mdogo wake siku hizi anasoma mpaka vyeti vilivyotafunwa na mende, lakini muuza duka keshakigeuza mara mbili mkononi na kusema, "Hiki, dada, hata chungu utamwona ana masharubu," na fundi cherehani akacheka kwa adabu tu, akakirudisha juu ya kaunta, kati ya daftari la jalada gumu na kisanduku cha bati cha kuhifadhia picha, bado hajaamua, na kesho ndiyo siku yenyewe, mdogo wake huyo anatimiza miaka arobaini, Karani ndilo jina walilompachika nyumbani tangu utotoni kwa kuwa aliandika kila kitu, nani kavunja kikombe, nani kalamba sukari, na sasa, tangu wamzike mama yao, mwaka wa pili huu, anaandika ukoo, karatasi kubwa kaibandika ukutani sebuleni toka dirishani hadi kabatini, upande wa baba umejaa pomoni, hata yule shangazi aliyetoroka na dereva wa lori kapata mstari wake, ila upande wa mama... jina la mama peke yake, na juu yake alama ya kuuliza, ya wino mwekundu, imepinda kama ndoana, na kila fundi akienda kumtembelea mdogo wake ndoana ile humnasa hapa, kooni... "Hili daftari watu wa mambo ya ukoo wanalipenda," muuza duka anasema, miwani yake inaning'inia kwenye uzi, "mti umeshachorwa humo, yeye kazi yake kujaza tu," kujaza tu, ee, ajaze nini baba wee, Karani kaandika barua, kapiga simu, kaenda mwenyewe mpaka kwenye kile kituo cha watoto alikolelewa mama, akashinda juani kutwa nzima, akaambiwa madaftari ya miaka ile yalioza kwa mvua, akarudi viatu mkononi, akasema, "Dada, mtu hadondoki kutoka hewani, lazima kuna aliyeambiwa kitu," naye akainamia cherehani, akajifanya uzi umekatika, uzi ulikuwa mzima, hakuwa na pa kuuficha uso, kwa sababu aliyeambiwa ni yeye.

Aliambiwa mchana kama huu, gauni la bibi harusi likiwa chini ya sindano, wenyewe wanalijia saa kumi, shanga za kifuani bado, na mama amekaa kwenye stuli pembeni akipunguza nyuzi za mapindo, mama ambaye maisha yake yote ukimuuliza kwenu wapi hujibu, "Kwetu ni hapa nilipokaa," siku hiyo akaanza tu, bila kuulizwa, nimemwota mama yangu, jina lake lilikuwa limenipotea, leo limenirudia, akalitaja, na cherehani inanguruma, mguu uko kwenye pedeli, yeye anasikia sauti ya mama kama mtu anayeongea chumba cha pili, akasema, "Baadaye, mama, nina nguo ya watu," na mama akajibu, "Haya, mwanangu," bila kinyongo, akainama kuokota vipande vya nyuzi sakafuni, na hiyo baadaye wapi, ikaja homa, kikaja kitanda cha hospitali, mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito, yakabaki macho, yanamfuata yeye toka mlangoni hadi dirishani... "Kuna na hiki, kinasa sauti," muuza duka kashafungua boksi jingine, "unabonyeza hapa, mzee anaongea, wewe umetulia, wazazi wapo?" "Hawapo," "Oo, pole sana, dada," na kidole chake kinabaki juu ya kitufe, nacho kitaa kidogo kinawaka kikisubiri mtu aseme, loo, angelipata hata lile haya mwanangu moja tu, angelisikiliza mpaka masikio yatoe mizizi, angeondoa mguu kwenye pedeli, angewaacha wenye harusi waje wapige kelele, mwanamke haachwi kwa gauni lililochelewa, na hata akiachwa, si afadhali?... basi auondoe mguu, sasa hivi, hapa hapa dukani, kimya, cherehani imenyamaza, na jina linaanza na... halianzi, limekwenda, amelitafuta miaka miwili kama aliyedondosha sindano mchangani, lakini mama hakuishia kwenye jina, alikuwa bado anaongea, nyuzi mapajani, alisema mama yake alimkalisha kwenye kizingiti cha kile kituo akamwambia asitoke, naye hakutoka, jua likamzunguka, mpaka mama wa kituo akaja kumwinua, lakini siku ile, akasema, alinivika gauni jipya, alilishona mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mapindo makubwa kwa ndani ili niongezewe nikirefuka, ndiyo maana najua alikuwa ananipenda... mapindo makubwa kwa ndani, Mola wangu, hayo aliyasikia, aliyasikia yote, akayakunja akayaficha kwa kuwa jina halikuwepo, na kwa kuwa ukiyatoa hayo itabidi utoe na lile baadaye, mama, na Karani atamtazama, kalamu mkononi, atauliza, "Dada, miaka miwili umenyamaza?" labda atalia, labda atamfukuza, na amfukuze, atakaa nje mlangoni mpaka afunguliwe, maana anayejua kwamba mtoto atarefuka si mtu wa kuandikiwa alama ya kuuliza... "Sasa nikufungie kipi, dada?" muuza duka anauliza, mkasi uko tayari, karatasi ya zawadi imetandazwa, vitu vyote vinne viko vile vile juu ya kaunta, naye midomo inamcheza tu bila sauti, inajaribu sentensi ya kwanza, mdogo wangu, kaa kitako, bibi yetu alikuwa fundi.