Moyo Haulowekwi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa fundi viatu, na kwa miaka ishirini na sita hakuna kiatu kilichomshinda, mpaka miguu yake mwenyewe ilipovimba ikakataa kuingia katika ndara alizozishona kwa mkono wake.

Daktari alimwonyesha moyo wake ukicheza kwenye kioo cha mashine. Alimweleza kuwa nguvu ya kusukuma damu ipo, ila vyumba viwili vya chini vimekakamaa, havitanuki vizuri kuipokea damu inayoingia. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Ngozi iliyokakamaa aliijua kuliko daktari yeyote, na dawa yake ni maji.

Akarudi nyumbani kuuloweka moyo. Jagi asubuhi, jagi mchana, jagi jioni. Siku ya nne pumzi ikawa ya kuokoteza, kulala chali hawezi. Alirudishwa hospitali amebebwa, na daktari aliposikia habari za majagi alijishika kichwa. Akaanza upya, taratibu: chumba kisichotanuka hupokea kidogo, na kinachobaki nje hurudi nyuma kikasongamana mapafuni, tumboni na miguuni. Kila jagi lilirefusha foleni mlangoni. Ugumu ule haulainiki, lakini foleni hupunguzwa, kwa vidonge vya kutoa maji, chumvi kidogo, na maji ya kunywa kwa kipimo.

"Kumbe nilikuwa najizamisha mwenyewe," Shangazi alisema.

Kaka yake mkubwa alikata shauri palepale: kibanda kifungwe, cherehani iuzwe, yeye akae kitako. Shangazi alimgeukia daktari.

"Nikikaa kitako utalainika?"

"Hapana."

"Nikishona?"

"Shona. Pumzi ikikatika, acha mpaka irudi. Mizigo usibebe."

"Umesikia, kaka. Kilichokakamaa ni moyo, siyo vidole."

Kaka hakusikia. Wiki mbili baadaye alifika kibandani na mnunuzi, bwana nadhifu ambaye kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachama kama mamba anayeota jua. Shangazi alikitazama.

"Vua."

"Nimekuja kuona cherehani, mama."

"Si uione ikifanya kazi. Vua."

Alishona. Katikati pumzi ikamkatika, akaondoa mguu kwenye pedali, akafumba macho. Kaka akainuka kumsaidia. Akanyooshewa sindano, akakaa. Pumzi ikarudi, akashona. Ikakatika tena, akaingoja tena, bila haraka, kama anayengoja mgeni mzito wa kutembea. Mnunuzi alikaa na soksi yake iliyotoboka kidoleni, asithubutu kutazama saa.

Hatimaye Shangazi alikata uzi kwa meno, akampa kiatu. Bwana yule alikivaa, akapiga hatua mbili tatu, akamgeukia kaka mtu.

"Mzee, cherehani hii ina mwenyewe."

Shangazi aliishi miezi kumi na tisa baada ya hapo. Kumi na minane aliimaliza palepale, mguu kwenye pedali, na kaka yake ndiye aliyekuwa akimfungulia kibanda kila asubuhi.