Kufuli la Kumfungia Aliyenunua

Kompyuta ilikataa kusema saa mbili na robo asubuhi, siku ambayo Mama Tepu hakuwa na nafasi ya kubishana na kompyuta.

Jina la Mama Tepu alipewa na makarani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mashauri yaliyorekodiwa na kuyaandika yote, neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi. Alikuwa kipofu tangu utotoni. Vidole vyake vilishuka kwenye kibodi kama mvua juu ya bati, na hapo hakuna aliyemtilia shaka. Shaka ilikuwa kwenye kuhakiki. Asiyeona atajuaje kama alichoandika ndicho alichosikia? Atajua kwa programu ya kusomea: unaifungulia ukurasa, sauti ya mwanamke inakusomea, ukisikia kosa unalirekebisha. Programu yake iliitwa Msomaji. Aliitengeneza mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati, na Mama Tepu aliinunua kwa jasho lake, risiti anayo, kaitia nailoni isichakae.

Jana yake fundi alibadilisha diski ya kompyuta. Leo Msomaji kimya, kama mkwe aliyekasirika.

"Hebu njoo unisomee kioo kinasema nini," alimwita tarishi.

Tarishi alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mdomo wake ulishastaafu adabu zamani. Akainama, akashusha miwani.

"Kinasema hivi, dada: 'Ili kuthibitisha kwamba wewe si mwizi, andika herufi unazoziona kwenye picha hapa chini.'"

"Herufi ninazoziona."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kwenye programu ya vipofu."

"Dada, mimi ni tarishi. Sikuandika mimi."

Herufi zenyewe zilikuwa zimejikunja kama minyoo iliyomwagiwa chumvi. Tarishi akakosea mara moja, akapatia mara ya pili, na kioo kikabadilika: "Mashine hii si ile iliyosajiliwa. Umezuiwa. Piga simu." Wakapiga. Simu ya Mwalimu ikaita hadi ikachoka yenyewe.

Mezani palikuwa na shauri la baba na mama waliokuwa wakigombea kulea watoto wao wawili. Kurasa thelathini na moja, zilizokwisha kuandikwa, zilizobaki kuhakikiwa. Jaji alizitaka saa tisa alasiri, akazisome jioni, kesho atoe uamuzi. Na mwezi uliopita, kompyuta ilipolala kwa fundi siku mbili, Karani Mkuu alimwambia Mama Tepu kwa upole, kama mtu anayekuandikia dawa: "Ukichelewa tena mara moja tu, kazi hii nampa mwenye macho."

"Basi nikusomee mimi," alisema tarishi.

Akaanza. "'Shahidi akasema hakuwepo nyumbani siku ile.' Mwongo! Mimi nilimwona pale koridoni, uso wake tu unakwambia. 'Akasema alikwenda kazini.' Kazi gani hiyo ya Jumapili?"

"Umeruka mstari."

"Ule haukuwa na maana."

Mama Tepu akamsimamisha kwa kiganja. Kwa usomaji ule, jaji angepata maoni ya tarishi na watoto wangekosa mzazi.

"Lakini huyo mwalimu unamtafutia nini kwenye simu?" tarishi akasema. "Yupo hapo maktaba, mtaa wa pili. Nimepeleka barua asubuhi nikaona bango: 'Mjadala wa Uharamia wa Kidijitali na Mustakabali wa Teknolojia.' Picha yake pana kuliko mlango."

Mama Tepu alishachukua fimbo, tarishi akamfuata.

Ukumbi wa maktaba ulikuwa baridi kama friji, na maneno yaliyomo yalihitaji friji kweli, maana yalikuwa ya juzi. Mwenyekiti wa mjadala alikuwa bwana mmoja wa suti ambaye hakuweza kuvuta pumzi bila kusema "wadau." Kulia kwake alikaa Mwalimu. Kushoto alikaa mtu anayejulikana mji mzima kwa jina la Bwana Bure, mwenye kibanda mkabala na stendi, anayekunakilia chochote ulichotaja na usichotaja. Jina lilikuwa la uongo vilevile, maana bure yake ililipiwa.

"Mimi siibi, nasambaza!" Bwana Bure alikuwa akisema. "Kipofu maskini atatoa wapi pesa ya programu? Mwalimu aliwapa bei, mimi nimewapa sauti!"

Makofi.

"Kila nakala moja ninayouza, hamsini zinaibwa," Mwalimu akajibu. "Ndiyo maana teknolojia yetu haikui! Nani atakaa kubuni kitu kesho kikauzwe stendi? Lakini safari hii nimewaweza. Miaka miwili nimejifungia ndani natengeneza kufuli. Halichezewi!"

Makofi tena, na mikono ni ileile. Watu wale wangempigia makofi hata nzi akitua kwenye maikrofoni.

Mwenyekiti akaona ni vyema kuwashirikisha wadau. Akauliza nani humo ndani anatumia Msomaji. Kwenye safu mbili za nyuma walikuwa wamekaa vipofu walioalikwa ili mjadala upate sura. Mikono ikainuka kama thelathini. Akauliza tena: na nani ameinunua?

Mama Tepu, ambaye ndiyo kwanza anaingia, aliinua wa kwake.

"Uko peke yako, dada," tarishi akamnong'oneza. "Kama mnara wa simu."

"Mnaona!" Mwalimu alipaza sauti. "Huyo dada ndiye mfano! Simama, dada, tukupigie makofi!"

"Ahsante, Mwalimu," alisema Mama Tepu, akasimama. "Kwanza niwaulize wenzangu hawa wa nyuma. Msomaji wenu leo anasema?"

"Anasemaa!" wakaitika kwa pamoja, bila aibu hata ya kukopa.

"Wangu mimi niliyenunua hasemi. Ameniambia nitazame picha, niandike herufi ninazoziona, ndipo ajue mimi si mwizi."

Safu za nyuma zikaangua kicheko kilichosogeza viti. Mzee mmoja alicheka mpaka akaomba apigwe mgongoni.

"Ile picha," Mwalimu akasema, "ni utaratibu wa kawaida wa usalama. Ni ya kumzuia mwizi."

"Mwizi yupi, anayeona au asiyeona? Maana anayeona hapiti hata karibu na programu yako. Na hawa wasioona wote wanayo ya stendi, ambayo haina picha. Sasa hiyo picha umemwekea nani, mwalimu wangu, kama si mimi?"

Mwalimu akanywa maji. Aliyataka yawe mengi, yalikuwa chupa ndogo.

"Nipe funguo," Mama Tepu akaendelea. "Nina kazi ya mahakama ya saa tisa."

"Funguo hutolewa na mtambo. Siku tatu za kazi."

"Utoe wewe."

"Siwezi. Kufuli nimelitengeneza ili hata mimi nisiweze kulichezea." Alisema hayo kwa fahari, kabla sikio lake halijasikia kilichotoka mdomoni.

Bwana Bure aliona mlango umefunguka wenyewe. Akatoa flashi mfukoni, akaichomeka kwenye kompyuta ya ukumbi. "Dada yangu, haya ya nini yote? Chukua hii, leo sikutozi hata senti. Sikiliza."

Spika zikakohoa. Sauti ya mwanamke, tulivu, ya kistaarabu, ikasema: "Karibu kwa Bwana Bure. Chaja, kava na vioo vya simu. Mkabala na stendi."

Mwalimu alisimama wima. "Hiyo ni sauti ya mke wangu."

"Ana sauti nzuri, shemeji," alisema Bwana Bure. "Tangazo linarudi kila robo saa tu. Halisumbui."

Watu wakacheka. Mwalimu hakuketi. Alikuwa amejifungia na mkewe miezi mitatu chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele, akimrekodi silabi moja moja. Na leo anamsikia akiuza kava za simu mbele ya mwenyekiti wa wadau.

Mama Tepu hakucheka. "Na humo ndani kuna nini kingine zaidi ya tangazo?"

"Kama nini?"

"Kama kitu cha kuchukua faili zangu na kuzipeleka usikokujua. Ninaloandika ni siri ya watoto wa watu."

"Ah, hayo mimi sijui. Nami niliipata kwa jamaa mwingine, ikiwa imeshavunjwa. Mimi nimeongeza tangazo tu."

"Mwezi ujao kompyuta zikibadilika, ikagoma, nani ataitengeneza?"

Bwana Bure hata hakufikiri. Alinyoosha kidole kwa Mwalimu. "Si huyo hapo?"

"Huyo uliyemmaliza."

"Atatengeneza tu. Ndiyo kazi yake, anaipenda."

Mwenyekiti akaanza kusema kwamba hoja za wadau wote zimepokelewa. Mama Tepu alimpita kama unavyopita kigingi.

"Mwalimu. Uliniuzia msomaji, na msomaji umemfunga mwenyewe. Saa hizi ni saa tano. Wewe unaona?"

"Naona."

"Kusoma unajua?"

"Dada, nimefundisha miaka thelathini!"

"Basi chukua miwani yako, twende."

Akaenda. Labda ni aibu, labda ni kuikimbia ile sauti kwenye spika, maana robo saa ilikuwa inakaribia.

Karani Mkuu alimtazama juu mpaka chini, akamwapisha, akamsainisha karatasi ya kutunza siri. Mwalimu akakalishwa kwenye stuli kando ya Mama Tepu, mbele ya kioo, mlango ukafungwa. Akaanza kusoma kwa madaha, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto arobaini wasio na pa kukimbilia.

"'Mama akasema kwamba mtoto wa pili alikuwa akiugua mara kwa mara...' Hapa unaona mantiki yake, anataka kuonyesha—"

"Soma, usifundishe. Baada ya 'mara kwa mara' kuna nini?"

"Mkato."

"Mbona hukuutaja? Rudia."

Akarudia. Alirudishwa ukurasa wa kwanza mara sita, wa pili mara tisa. Akasoma mikato, akasoma nukta, akasoma mabano yanayofungua na yanayofunga, akasoma "shahidi analia" bila kuruhusiwa kupumzika hapo. Kufika ukurasa wa kumi na mbili madaha yalikuwa yamekwisha. Kufika wa ishirini sauti ilikuwa imekwisha pia, amebaki anakwaruza kama mlango wa banda. Aliomba maji. Mama Tepu akamsogezea glasi, akamwambia anywe huku anatafuta mstari.

Ukurasa wa ishirini na saba akasema, "Jedwali," akaenda kwenye aya inayofuata.

"Rudi."

"Ni jedwali tu, la tarehe."

"Najua. Msomaji wako naye hufanya hivyohivyo. Husema 'jedwali', akaruka. Nimekuandikia barua mbili juu ya hilo. Tangu nimeinunua, kila jedwali naenda kumbembeleza tarishi."

Mwalimu akashusha miwani. "Nilikuwa kwenye kufuli," alisema chini chini.

"Miaka miwili."

"Miaka miwili."

"Basi soma. Safu kwa safu."

Akasoma. Mstari wa nne, mtoto amelazwa hospitali tarehe thelathini na moja. Kidole cha Mama Tepu kikasimama hewani. Alikumbuka kumi na tatu. Akavaa spika za masikioni, akarudisha kanda, akasikiliza mara mbili. Kumi na tatu. Baba alikuwa amesema kwa kiapo kwamba tarehe kumi na tatu alikuwa na watoto wote wawili nyumbani, wazima, wanacheza. Kwa tarehe thelathini na moja angeonekana mkweli.

Akarekebisha. Mwalimu aliitazama ile namba ikigeuka, kisha akausoma mstari wa tano polepole, bila kuambiwa.

Walimaliza saa tisa kasoro dakika nne. Tarishi akachapa, akakimbia nazo, ikiwa kukimbia ni neno linalomfaa. Karani Mkuu akazipima mkononi, akatazama saa ya ukutani, ambayo kwa bahati yake mbaya ilikuwa haijaharibika.

"Umewahi," alisema, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Nimewahi."

Nje kwenye ngazi Mwalimu alikuwa amekaa, kashika koo. "Nikilitoa lile kufuli," akakwaruza, "wezi watafurahi."

"Wezi hawajui hata kama kuna kufuli, Mwalimu. Tunalijua sisi tuliolipa."

"Na wewe ni mmoja tu."

"Ni mmoja. Ukinipoteza mimi, utabaki na Bwana Bure."

Mwalimu hakuahidi kitu, na Mama Tepu, aliyeishi kwa kuandika viapo vya watu, hakumtaka aahidi. Akakunjua fimbo.

"Kesho kuna shauri jingine, kurasa hamsini na moja," alisema. "Saa mbili kamili. Njoo na funguo. Ukishindwa, njoo na koo."